Mwalimu Dainess na Chumba cha Praygod

Hebu mwone anavyokuja. Ni Januari, mvua ya mlimani ile isiyo na haraka inanyesha, na gari kutoka Himo limemshusha pale inapochepukia njia ya shule. Ana begi la magurudumu, lakini magurudumu hayo hayana kazi huku kwetu Marangu, njia zetu zikiwa mawe na tope, kwa hiyo amejitwika kichwani. Amevaa blauzi nyepesi ya mikono mifupi, kwa sababu chini alikotoka, kwenye mashamba ya miwa, watu huvaa hivyo mwaka mzima. Anatetemeka. Anainua macho kuutafuta mlima na mlima haupo. Kuna ukungu na migomba, na nyuma ya migomba kuna migomba mingine.

Nakuomba umtazame vizuri, maana siku ile watu walimwona tu. Walimsalimia, wakamwonyesha njia, hata mama mmoja akampa jani la mgomba ajikinge na mvua. Huku watu wana adabu zao, siwezi kuwasingizia. Lakini kumwona mtu ni jambo moja na kumtazama ni jingine, wewe unalijua hilo.

Jina lake ni Dainess Kastori, mwalimu wa Kiingereza. Shule ndogo ya kulipia iliyopo juu ya soko ilikuwa imemwajiri afundishe madarasa ya chini. Baba yake, mzee Kastori, alitoka Ngara akiwa kijana mdogo kuja kukata miwa, akaoa hapo hapo, akazaa hapo hapo, na Ngara hakurudi tena. Alikorofishana na ndugu zake juu ya jambo ambalo hakuwahi kulieleza. Kwa hiyo Dainess aliijua Ngara kama wewe na mimi tunavyoijua: kwenye ramani.

Wiki ya kwanza, akina mama waliokuwa wanachota maji bombani walimuuliza anatoka wapi.

"Kwenye miwa," akasema.

"Hapo ulikuwa unakaa. Tunauliza kwenu."

"Kwetu ni hapo hapo."

"Ee, mwalimu!" mmoja akacheka, akijitwika ndoo. "Kwenye miwa si kwao mtu. Kule si ni kambi? Sema kwenu, hatutakuibia."

Akacheka pamoja nao. Angefanya nini? Huku kwetu kila mtu ana kihamba, shamba la migomba na kahawa alilorithi baba kwa babu, na makaburi ya wazee yakiwa humo humo kati ya migomba. Mtu anaweza kukaa Dar es Salaam miaka arobaini akakwambia yupo safarini. Mtu asiye na kihamba tunamhurumia, na moyoni tunadhani kuna kitu anatuficha.

Akapata chumba kwa Bibi Elinipendo, mjane anayekaa bonde la pili kutoka shuleni. Nyumba ya Bibi ni kubwa, watoto wake wameijenga kwa matofali na vigae vyekundu, ina vyumba vingi na vyote vimefungwa. Hiki cha wasichana, hiki cha mkubwa wa kiume, hiki cha Praygod. Vitanda vimetandikwa, mapazia yamening'inia, na hakuna anayelala humo Januari hadi Novemba. Bibi anakaa na ng'ombe wake wa maziwa, redio, na funguo anazozifunga kwenye pindo la kanga.

Alimpa Dainess chumba cha Praygod kwa sababu kipo karibu na jiko. "Nataka niwe nasikia mtu anakohoa," alisema. Praygod ndiye kitinda mimba, na kwa mila zetu kitinda mimba wa kiume ndiye mwenye nyumba ya mama. Kwa hiyo Bibi aliweka sharti moja, tena kwa upole kabisa: "Desemba utatupisha kidogo, mwalimu. Wanangu wanarudi."

"Bila shaka, Bibi. Desemba na mimi nitaenda kwa baba."

Na miaka miwili ya mwanzo ilikuwa hivyo. Sijui kama umewahi kuiona barabara ya kupanda huku Desemba. Magari yanapanda yamebeba magodoro juu, watoto wamelala madirishani, watu wanaimba, wanaume wazima wanashuka Himo kununua nyama huku wanapigiana kelele za furaha. Nchi nzima inapanda. Dainess peke yake alikuwa anashuka. Alikaa kwenye gari karibu tupu, begi mapajani, akiyatazama magari yanayopishana naye, na dereva alimuuliza kwa mshangao, "Dada, umesahau kitu Moshi?"

Mwaka huu ninaokusimulia, wakati wa masika, mzee Kastori alifariki. Alizikwa kwenye makaburi ya kambini. Nyumba ilikuwa ya mwajiri, na kama ilivyo kawaida ikapewa mfanyakazi mwingine, kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Dainess mwenyewe ndiye aliyewafagilia kabla hajawakabidhi.

Aliporudi mlimani Bibi Elinipendo alimpikia mtori wa ndizi na nyama, akakaa naye jikoni mpaka akamaliza bakuli.

"Pole sana, mwanangu. Mmemzika kihambani kwenu?"

"Hapana, Bibi. Kwenye makaburi ya kambini."

Bibi akafikiri. "Kwa muda, au?"

Dainess aligeuza kijiko ndani ya bakuli tupu. Akasema, "Ndiyo."

Sasa nadhani unaona mzigo wake ulivyokuwa. Desemba inakuja, na chini hakuna tena wa kumpokea. Alichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo amwambie Bibi: mwaka huu sina pa kwenda, naomba nibaki. Maneno machache. Kila jioni, wakati Bibi anakamua naye ameshika taa, aliyaandaa. Na kila jioni Bibi alimtangulia.

"Praygod amepiga simu. Anasema yule mtoto wake wa mwisho, Glory, ameanza kutembea. Atatembea humu humu uwanjani! Nimwondoe huyu jogoo, anadonoa."

Au: "Magodoro nimeyaanika leo. La chumbani kwako nitalianika ukishaondoka."

"Sawa, Bibi."

Unaweza kumkatiza mtu anayesema hivyo? Dainess hakuweza. Alichukua ndoo ya maziwa akaingia ndani.

Huku shuleni nako, Mwalimu Mkuu Efraimu alitangaza kwamba siku ya wazazi, shule inapofungwa, kila darasa lionyeshe kitu kwa Kiingereza. Wazazi wanalipa, alisema, waone Kiingereza kinatoka. "La tatu mtatuonyesha nini, Madam Dainess?"

Katika kitabu cha kusomea cha darasa la tatu kulikuwa na kisa kifupi cha Rosa Parks, mama wa Kimarekani aliyekuwa mmoja wa viongozi wa watu weusi katika kudai haki zao. Dainess alikipenda kwa sababu sentensi zake zilikuwa fupi, watoto wangeziweza. Basi akafunga mlango wa darasa, maana sheria ya shule ni Kiingereza tupu, akawasimulia kwanza kwa Kiswahili ili wapate kiini chake.

"Rosa alikuwa fundi cherehani," alianza.

"Kama mama yake Lucky!"

"Kama mama yake Lucky. Jioni moja ya Desemba alipanda basi—"

"Alikuwa anaenda kwao Krismasi?" aliuliza Kindness, msichana mwembamba wa dawati la mbele, mjukuu wa Mzee Ebenezeri, mzee wa kanisa.

"Hapana. Alikuwa anatoka kazini."

"Desemba?" Wakatazamana. Walimhurumia kuanzia hapo.

Akawaeleza jinsi mji wa Rosa ulivyokuwa na sheria, wazungu wakae mbele, weusi nyuma. Basi likajaa. Mzungu mmoja akakosa kiti. Dereva akawaambia watu weusi wanne wa safu moja wainuke. Watatu wakainuka. Rosa akabaki amekaa.

Kindness akanyoosha kidole. "Ticha, huyo mwanaume alikuwa mzee?"

"Hapana, siyo kwa sababu ya uzee."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Alibeba mtoto?" akadakia Lucky.

Darasa zima likaangua kicheko. "Mwanaume abebe mtoto kwenye basi!"

"Hakubeba mtoto. Alikuwa mzungu, basi."

Wazungu wanawajua, kila siku wanawaona wakipita na fimbo zao mbili mbili kwenda kupanda mlima. Lucky akasema, "Baba yangu huwabebea mizigo. Anasema wakikaribia kileleni wanaomba kushikwa mkono kama watoto."

"Sasa kama si mzee na si mgonjwa," alisema Kindness polepole, kama anayepiga hesabu, "ampishe kwa nini?"

Dainess akasimama na chaki mkononi. Alikuwa amejiandaa kueleza jambo hilo kwa nusu saa, na mtoto amelifikia kwa hatua tatu. Akawaambia jinsi polisi walivyokuja kumkamata, na jinsi watu weusi wa mji ule walivyoyaacha mabasi wakatembea kwa miguu zaidi ya mwaka mzima hadi sheria ikaondolewa. Watoto wakataka kujua kama ni mbali kuliko hapa na Himo, na kama mvua ilikuwa inanyesha.

Wakaanza mazoezi. Mabenchi yakapangwa yakawa basi. Godlove, mwenye sauti nene kuliko wote, akawa dereva na mfuniko wa sufuria ukawa usukani. Kindness akawa Rosa, amepakata kikapu chenye vitambaa.

Godlove akageuka. "Are you going to stand up?"

Kindness akainuka, akasimama wima, mikono nyuma, kidevu juu. "No, I am not!" Kisha akakaa.

Dainess alicheka hadi machozi yakamtoka. Tangu masika hakuwa amecheka hivyo. Lakini alipojifuta macho akaona watoto wanamtazama tu, hawajui kilichomchekesha.

"Kindness, mbona umesimama?"

"Najibu, ticha."

"Lakini unajibu kwamba husimami."

Kindness akainuka tena. "Ndiyo, ticha." Akakaa.

Unacheka na wewe. Lakini jiulize ulivyolelewa. Mtoto wa huku akiulizwa na mwalimu anasimama ndipo ajibu. Akiulizwa na babu yake anasimama. Mkubwa akiingia anapisha kiti kabla hajaombwa. Kindness hakukosea kitu chochote alichofundishwa. Alikuwa anakataa kwa heshima, na miguu yake haikujua kukataa kwa namna nyingine.

Wakarudia. Akasimama. Wakarudia, akasimama nusu.

"Kindness ana springi makalioni!" Lucky akapiga kelele.

"Mfungeni kamba," Godlove akashauri, akizungusha mfuniko wake.

"Wewe dereva, endesha gari lako," alisema Dainess, akaenda kukaa benchi moja na Kindness. "Unaogopa nini?"

"Nikimjibu mtu mkubwa nimekaa, babu atasema sina adabu."

"Godlove si mtu mkubwa."

"Lakini sasa hivi ni dereva."

Dainess hakumkemea. Kila siku baada ya vipindi walikaa pale wawili, bega kwa bega, wakisema ile sentensi huku wameshika ubao wa benchi kwa mikono yote miwili. Jirani wa shule angepita angedhani wapo kwenye gari bovu. Na siku moja, kama wiki hivi kabla ya shule kufungwa, Godlove aliuliza swali lake na Kindness akabaki amekaa. Sauti ilitoka ndogo, yenye kukwaruza, macho yamejaa maji. "No. I am not."

"Ndivyo hivyo," alinong'ona Dainess. "Ndivyo hivyo hasa."

Jioni ile alitoka shuleni na moyo mwepesi, akajiambia, leo namwambia Bibi. Mtoto wa darasa la tatu ameweza! Akavuka bonde, akapita mfereji, akaingia uwanjani. Bibi Elinipendo alikuwa amekaa kwenye kigoda, amezungukwa na mapazia yaliyofuliwa, anatabasamu peke yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwalimu. Njoo unisaidie kukunja. Umeshajua lini unakwenda? Hata watu wa miwa wana Krismasi yao."

"Bado, Bibi," alisema Dainess. Akashika ncha ya pazia. "Nikifunga shule."

Siku ya wazazi ikafika. Mbingu ilikuwa safi, mlima umejitokeza wote na theluji yake kidogo iliyobaki. Ukumbi ulijaa. Wazee wa kanisa na wa kamati walikaa safu ya mbele kwenye viti vyenye mito, Mzee Ebenezeri katikati yao na kofia magotini. Bibi Elinipendo naye alikuja, amevaa kitenge kipya alichotumiwa, amekaa upande wa akina mama.

Darasa la kwanza likaimba. La pili likahesabu. Kisha basi la darasa la tatu likapangwa, abiria wakapanda, watatu wakainuka wakapisha, na Godlove akazungusha mfuniko wake akauliza kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Are you going to stand up?"

Kindness alikuwa ameshika benchi kwa mikono miwili. Dainess, aliyesimama pembeni nyuma ya pazia, aliona vidole vyake vimekaza. Kisha mtoto akainua macho, na macho yakakutana na ya babu yake safu ya mbele. Vidole vikaachia. Akainuka, akasimama wima, mikono nyuma, akasema kwa sauti nzuri ya kusikika: "No, I am not!"

Ukumbi ukalipuka makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Ebenezeri akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamgonga bega jirani yake. Mwalimu Mkuu Efraimu akamtafuta Dainess kwa macho, akamwonyesha dole gumba. Watu wote walifurahi, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Wamemwona mtoto msafi, hodari, anayejibu kwa Kiingereza huku amesimama kama inavyopasa. Katika wakubwa wote wale Dainess peke yake ndiye aliyejua kwamba Rosa ameinuka.

Baadaye Kindness akaja mbio, kikapu bado mkononi. "Ticha, nilisimama."

"Nimeona."

"Nilimwona babu."

"Nimeona pia. Umesema vizuri sana, Kindness. Nenda, mama anakusubiri."

Dainess akabaki anapanga mabenchi.

Bibi alimngoja getini wakarudi pamoja. Walitembea kwa mwendo wa Bibi, ambao si mwendo wa mtu mwenye haraka, kando ya mfereji.

"Yule mjukuu wa Ebenezeri ana adabu," alisema Bibi. "Amesimama vizuri, amejibu. Siyo watoto wa siku hizi, unawauliza jambo wanakujibu wanatafuna."

"Bibi, alitakiwa akae."

"Akae? Mbele ya wazee?"

"Ndiyo maana ya kisa chenyewe. Yule mama alikataa kuinuka. Mtu wa kumpisha hakuwa mzee wala mgonjwa. Ilikuwa uonevu tu."

Walipofika kwenye daraja la magogo Bibi akashika mkono wa Dainess wavuke, na katikati ya daraja akauliza: "Na walipomkamata, huyo mama alilala wapi?"

"Walimtoa usiku ule ule, Bibi. Akarudi kwake."

"Basi alikuwa na kwake," alisema Bibi Elinipendo, akashusha pumzi kama aliyeondolewa wasiwasi. "Afadhali."

Ndipo sentensi ikamtoka. Dainess hakuipanga, ile aliyoipanga miezi yote ilikuwa na heshima nyingi na maelezo mengi, na hii haikuwa nayo.

"Mimi sina, Bibi."

"Huna nini?"

"Sina kwangu. Nyumba ya baba wamepewa wengine. Ngara simjui mtu. Kwenye miwa nina kaburi tu. Mwaka huu sina pa kwenda, naomba nisiondoke."

Maji yalipita chini yao. Bibi hakuuachia mkono wake, lakini pia hakuubana.

"Hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Mimi nimeshamwambia Praygod chumba chake kiko tayari." Bibi akamgeukia. "Mwalimu, nina wiki mbili kwa mwaka mzima. Wiki mbili! Siku nyingine zote naongea na ng'ombe. Nikimwambia mwanangu hana pa kulala, mkewe atasema, si afadhali twende kwa mama yangu Machame? Mwakani hawaji. Sikufukuzi, Mungu anajua. Lakini unaniomba nini?"

Katika miezi yote ile Dainess alimfikiria Bibi kama mlango wa kugonga, na hakuwahi kuona kwamba nyuma ya mlango kuna mtu anayeogopa jambo lile lile analoogopa yeye.

Wakamaliza kuvuka. Walipofika nyumbani Bibi alimpa ng'ombe majani, akanawa mikono, akaja kusimama mlangoni kwa Dainess.

"Utalala chumbani kwangu, na wajukuu. Godoro la chini."

"Asante, Bibi. Aika," akaongeza shukrani kwa Kichagga.

"Usinishukuru bado. Wakiniuliza huyu ni nani, nitawaambia nani?"

"Waambie mpangaji."

"Mpangaji hulala kwenye chumba alichopanga," alisema Bibi, akaenda zake.

Basi akabaki. Nchi ikapanda, na mwaka huu hakuwa kwenye gari la kushuka. Praygod akafika na mkewe na watoto, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, akamsalimia kwa mikono miwili. "Karibu, mwalimu. Kumbe bado upo." Hakusema kwa ubaya. Akaingiza mabegi chumbani kwake. Wengine nao wakaja, nyumba ikafunguka milango yote, moshi ukatoka jikoni tangu alfajiri, na Bibi Elinipendo akawa anatembea uwanjani akiwashika watu mashavu kana kwamba anahakikisha.

Na Dainess? Alimenya ndizi. Aliosha vyombo. Alimfundisha mtoto wa Praygod kuhesabu kwa Kiingereza. Watu walikuwa wema kwake. Wanapokaa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, wanaongea Kichagga, kicheko juu ya kicheko, na yeye akikaribia, mmoja anakumbuka na kusema, "Jamani, Kiswahili, mwalimu yupo." Wakaanza kumfasiria kichekesho, na kichekesho kikafa njiani. Akacheka hivyo hivyo. Sijui kama kuna upweke mkubwa kuliko kufasiriwa kicheko.

Siku ya pili ya Krismasi walichinja mbuzi aliyelishwa ndani miezi yote kwa ajili ya siku hiyo. Wewe wa kwingine huenda hujui: nyama yetu haigawiwi ovyo. Inakatwa juu ya majani ya mgomba, na kila kipande kina mtu wake kwa damu. Kidari kina mwenyewe, mgongo una mwenyewe, mabinti walioolewa wana chao, wakwe wana chao, na mke mgeni wa nyumba ana chake. Ukitajwa, unajua wewe ni nani. Hakuna anayeuliza.

Praygod ndiye aliyeshika kisu. Aliita jina, akakata, akaita jina, akakata, na watu wakaja na sahani zao huku wanataniana. "Kata vizuri, usije ukanipa mfupa kama mwaka jana!" "Mfupa ndiyo sura yako, shemeji!" Dainess alikuwa amesimama karibu na migomba ameshika beseni la maji ya kunawa. Majina yakaisha. Juu ya majani kulikuwa kumebaki nyama.

Praygod akainua kichwa, akamwona.

"Mama," alisema, "na mwalimu?"

Kelele zikapungua. Mjomba mmoja akasema kutoka kwenye kiti chake, "Mgeni hupewa supu. Mpeni supu, tena ya kwanza."

"Mgeni gani wa miaka mitatu?" akajibu shangazi, na mtu akacheka, kisha akaacha.

Bibi Elinipendo alikuwa anaitazama mikono yake. Dainess akatua beseni chini, taratibu, maji yasimwagike. Hakuondoka. Praygod alishika kisu juu ya nyama, anamtazama mama yake, anangoja aambiwe akate wapi.

Niambie wewe unayesoma, kisu kingekuwa mkononi mwako, ungemkatia kipande kipi?